Mtunzi Mlangoni pa Kamusi Elezo

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo mwaka 1840. Diwani yenye jina lake ilitoka mwaka 1940, tena haikutoka Mombasa wala Unguja. Ilitoka Johannesburg, katika chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kati ya kaburi na kitabu ipo karne nzima. Alipokuwa hai, mashairi yake yalikwenda kwa mdomo: mtu huyasikia barazani, akayachukua kichwani, akayatoa mahali pengine penye watu. Muyaka hakuwa na mchapaji, hakuwa na gazeti, wala hakupata wa kumhakiki kwa maandishi.

Sasa tuseme mwaka 1839, miaka miwili baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui, anashuka bandarini mtu mwenye daftari, kazi yake kukusanya majina ya kutiwa katika kamusi elezo. Anamuuliza mwenyeji wake: huyu Muyaka ana vitabu vingapi? Hana. Gazeti gani limeandika habari zake? Hapa hakuna gazeti. Mwanachuoni gani amemtaja katika kazi yake? Mwenyeji anaanza kukereka: bwana wee, mji mzima unamjua! Mgeni anafunga daftari.

Mazungumzo ya namna hiyo hayajaisha, ila siku hizi Muyaka ana simu. Ni mwandishi wa simulizi za mtandaoni. Usiku, watu wakishakula, inashuka "Sehemu ya 27". Mke kafungua mlango, kakuta viatu asivyovijua, na papo hapo: itaendelea. Chini yake wasomaji wanamiminika: mwandishi utatuua kwa presha, tupia nyingine. Asiyeweza kusubiri anatuma elfu moja au mbili kwa simu, anaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la waliolipia, anafika mwisho kabla ya jirani yake. Kazi yenyewe haina jalada, haina duka, haina hata nambari ya kitabu. Ina wasomaji tu, na ni wengi kiasi cha kumtia wivu mtunzi mwenye vitabu vitano madukani.

Siku moja shabiki anaingia Wikipedia ya Kiswahili na kumwandikia ukurasa: kazaliwa wapi, katunga simulizi zipi, ana wafuasi wangapi. Haupiti muda, mhariri mwingine anabandika kigezo cha kuomba ukurasa ufutwe. Shabiki anasema watu wote wanamjua. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wanauliza: nani kaandika habari zake? Kabla ya kuamua yupi ana haki, nimeona nirudi nyuma niwatazame waliowahi kuushika mlango wa kamusi elezo, maana mlango wenyewe una umri wa karne nyingi na Wikipedia imeanza juzi tu, tarehe 15 Januari 2001.

Njia inanifikisha kwanza kwa Ibn Khallikan, kadhi aliyezaliwa Irbil mwaka 1211 na kufia Damascus mwaka 1282. Kamusi yake ya wasifu, Wafayat al-A'yan, aliianza Cairo mwaka 1256 na kuimaliza mwaka 1274. Humo mna watu zaidi ya 800, wamepangwa kwa alfabeti, na katika dibaji yake anaeleza waziwazi namna alivyowachagua. Hakujifunga kwa wanavyuoni peke yao, wala wafalme, wala mawaziri, wala washairi. Alimchukua kila mtu ambaye jina lake limeenea kwa watu na habari zake huulizwa. Sijaona kipimo kilicho wazi zaidi ya hicho, wala chenye ukarimu zaidi. Watu wanakuuliza? Ingia. Kwa sharti hilo mwandishi wetu wa "Sehemu ya 27" angepita bila kubishiwa.

Lakini kadhi alikuwa na sharti la pili. Lazima ijulikane umekufa lini. Neno lenyewe *wafayat* ni vifo, na ambaye mwaka wake wa kufa haukujulikana aliachwa nje, hata awe nani. Masahaba na makhalifa nao hawakumo, kwa kuwa walikwisha kuandikwa vya kutosha na wengine. Hapo pana hekima ambayo wapangaji wa kamusi wa baadaye waliisahau: kitabu cha watu mashuhuri hakina lazima ya kumrudia kila aliye juu. Kinaweza kumfuata yule anayeulizwa na ambaye bado hajajibiwa popote.

Kazi za aina hii ziliendelea kwa karne nyingi. Al-Sakhawi wa Cairo aliandika watu wa karne ya 9 Hijria katika majuzuu 12, na juzuu la mwisho akalitoa lote kwa wanawake, 1,075 kwa hesabu. Ukikumbuka kwamba katika Wikipedia ya Kiingereza wasifu wa wanawake mpaka leo haujafika robo ya wasifu wote, utaona kuwa mlango huu haujawa ukipanuka tu kadiri zama zinavyokwenda. Pwani yetu nayo haikukosa mtu wa mkondo huo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, alikaa wapi, alikufa lini. Ni Ibn Khallikan mwenye kanzu ya Unguja.

Huko Paris mambo yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Diderot na d'Alembert walipoanza kutoa Encyclopédie yao mwaka 1751, walikusudia kitabu cha maarifa na ufundi: saa hutengenezwaje, ngozi hutiwaje rangi. Watu hawakupewa makala zao wenyewe. Louis de Jaucourt, bwana aliyeandika karibu robo ya makala zote, alipata ujanja. Aliwaingiza watu kwa mgongo wa mahali walikozaliwa. Kwa hiyo habari za Newton zimo katika makala ya kijiji cha Woolsthorpe, na Shakespeare yumo ndani ya Stratford. Lau kamusi zetu zingefuata mtindo huo, mwanafunzi anayemtafuta Shaaban Robert angelazimika kufungua herufi V, Vibambani ya Tanga, na Siti binti Saad angepatikana Fumba, baina ya habari za samaki na za minazi.

Edinburgh ndipo ulipotokea ugomvi wenyewe. Britannica ya kwanza ilitoka vipande vipande kati ya 1768 na 1771, ikakusanywa katika majuzuu matatu. Aliyeihariri ni William Smellie, kijana wa miaka 28, kwa malipo ya pauni 200. Nayo haikuwa na wasifu. Neno mwanamke lilipewa mstari mmoja tu, lakini farasi na magonjwa yake yakapewa kurasa kwa kurasa. Wenye mali walipotaka toleo la pili liwe na maisha ya watu, Smellie alikataa kazi. Kwake yeye, kamusi ya sayansi na ufundi ikianza kusimulia watu imepoteza shabaha.

Kazi ikamwangukia James Tytler. Huyu alikuwa mtu wa madeni. Husimuliwa kwamba alikuwa akiandikia juu ya pipa la kufulia lililopinduliwa, katika nyumba ya dobi mwanamke aliyempangisha. Mwaka 1784, toleo hilohilo likimalizika, alipanda puto la hewa moto akawa mtu wa kwanza kuruka angani katika Uingereza, na fedha hazikumjia vilevile. Majuzuu yakawa 10, wasifu ukaingia, na hakuna mhariri wa Britannica aliyethubutu kuutoa tena. Ninapenda kukumbuka kwamba aliyewafungulia watu mashuhuri mlango wa kamusi elezo maarufu kuliko zote za Kiingereza alikuwa mdaiwa asiye na meza. Na kilichomwita kazini ni biashara: wenye mali walijua kuwa watu hupenda kusoma habari za watu.

London nitapita haraka. Leslie Stephen na wenzake walitoa Dictionary of National Biography katika majuzuu 63 kati ya 1885 na 1900, kamusi ya marehemu watupu. Stephen alikuwa akichapa orodha za majina katika jarida la Athenaeum ili wasomaji waseme nani kasahaulika, jambo linalofanana sana na mabishano ya wahariri wa leo, ila wao walitumia stempu. Hata hivyo walisahau. Gerard Manley Hopkins alikufa mwaka 1889 bila diwani. Rafiki yake Robert Bridges ndiye aliyemchapia mashairi mwaka 1918, na huyo mshairi anayefundishwa leo kila panaposomeshwa ushairi wa Kiingereza hakuwamo katika kamusi ile. Mwaka 1993 likatolewa juzuu zima la waliokosekana, lenye watu zaidi ya 1,000, na yeye akiwamo. Mhariri wake, C. S. Nicholls, alikulia Kenya, na mwaka 1971 alikuwa ameandika kitabu juu ya historia ya pwani ya Waswahili. Sijui kama kuna kazi inayomfaa zaidi mtu aliyezoea historia ya pwani yetu kuliko kutafuta walioachwa nje.

Hopkins alimpata Bridges. Muyaka alimpata nani?

Alimpata Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Nisba yake inaonyesha asili ya Pate, lakini alikuwa Mombasa, mwalimu na mshairi mwenyewe. Miaka 40 na zaidi baada ya Muyaka kufa, Sikujua aliyakusanya mashairi yake kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Itazame kazi hiyo kwa karibu. Kwanza, amjue anayekumbuka. Pili, atambue kwamba beti hizi ni za Muyaka na hizi ni za mtu aliyemwiga, maana mshairi anayependwa huvishwa na mashairi ya wengine. Tatu, azitie katika hati ambayo kwa matamshi ya Kiswahili ina upungufu wake: p na b, v na f, irabu e na i, vyote vinataka msomaji ambaye tayari anajua kilichokusudiwa. Bila mtu wa mji, karatasi ile ingekuwa fumbo.

Sikujua alifanya kazi na William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekijua Kiswahili cha Mombasa kwa namna iliyowashangaza wenyewe. Taylor alizinukuu beti kwa hati za Kirumi na kuandika pembeni maelezo: neno hili maana yake nini, beti hizi zilitungwa kwa tukio gani. Sikujua alikufa mwaka 1890. Karatasi zikaenda Uingereza, zikafika SOAS, London, na kutokana nazo William Hichens akatoa ile diwani ya 1940. Halafu, mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz akamchapisha Muyaka upya Nairobi, safari hii akimpima kama mtunzi wa watu, aliyeutoa ushairi katika mambo ya dini na kuushusha sokoni: vita vya Mombasa na majirani zake, ubishi na Unguja, mapenzi, njaa, maisha ya nyumbani.

Huyo ndiye Muyaka anayeingia katika kamusi elezo bila kuulizwa kitambulisho. Ubora wa beti zake haukuongezeka hata kidogo baina ya 1839 na 1979. Kilichoongezeka ni watu wanne ambao hawakuwa yeye, hawakuwa jamaa zake, na walioona inafaa kukaa chini na kuandika. Mmoja alihifadhi maneno, mmoja alieleza, mmoja alihariri, mmoja alipima. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo mtamu, lakini historia ya mlango huu haiukubali. Kizuri kinajiuza kwa walio karibu nacho tu. Ili kivuke karne, mtu lazima akibebe.

Hata Shaaban Robert, ambaye leo mitaa na shule zina jina lake, alianza kama mmoja wa washairi wa kurasa za Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923. Ukurasa wa mashairi katika gazeti lile ulikuwa jirani sana na ukurasa wa Facebook: karani wa hapa anauliza fumbo kwa beti, mwalimu wa kule anamjibu toleo lijalo, wa tatu anaingilia kuwakosoa vina wote wawili. Wengi wa watunzi wale wameondoka na karatasi zao. Shaaban alibaki kwa sababu alikusanya, akachapa, na wengine wakaandika juu yake.

Kisha wakaja watu wa riwaya za kusisimua, na hao ndio babu halisi wa mwandishi wetu wa simulizi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Vitabu vya namna hiyo vilipita mkono kwa mkono bwenini hadi majalada yakang'oka, na aliyekuwa na nakala alikuwa na foleni. Vyuoni viliitwa fasihi pendwa, na kila aliyekaa darasani anajua sauti iliyotumika kulitamka neno hilo. Kusomwa na watu wengi kukawa ni aina ya shutuma. Aliyevichukulia kwa uzito mapema ni Rajmund Ohly, Mpolandi aliyekuwa mtafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1981 taasisi hiyo ilichapa utafiti wake juu ya nathari ya Kiswahili ya miaka ya 70, zikiwamo riwaya hizo zilizodharauliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nashukuru kwa Taylor na kwa Ohly, lakini siwezi kuuficha mwasho: kwa nini mara nyingi hivi shahidi wetu lazima ashuke na meli?

Mtandao uliubadilisha mlango huu, lakini si kwa namna iliyotarajiwa. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina wa Nakuru alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyotokea kwenye jarida la mtandaoni. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzoni aliambiwa kazi zilizotolewa kwa njia hiyo hazipokelewi, akawajibu kwa hasira, na mwishowe akashinda. Fedha za tuzo zilisaidia kuanzisha jarida la Kwani? huko Nairobi. Karatasi ndiyo iliyokuwa imemkataa, na akaenda kuianzisha ya kwake.

Mwaka 2010 Nairobi ikatoa kisa kingine. Kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He", ndani yake jitu la kubuni linaloitwa Makmende, mbabe mwenye nywele za afro na miwani, na kwa muda wa siku chache Wakenya mtandaoni hawakuwa na habari nyingine. Utani juu yake ukazaliana saa kwa saa. Waliojaribu kumwandikia ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza wakaona unafutwa: kwa mhariri aliye mbali, huo ulikuwa upuuzi wa vijana wa shule. Ulikuja kusimama baada ya vyombo vya ng'ambo, Wall Street Journal kikiwemo, kuandika habari zake. Mamilioni ya Wakenya waliokuwa wakilitaja jina hilo tangu utotoni mitaani kumtania mtu anayejifanya shujaa hawakuhesabika kuwa chanzo. Mwandishi mmoja wa Marekani alihesabika.

Hapo mtu anaweza kuona huu ni ubaguzi na mambo yakaishia hapo. Ubaguzi upo, sikatai. Lakini kisa cha Donna Strickland kinaonyesha kwamba shida ina kina zaidi. Strickland ni mwanafizikia wa Kanada, profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, ambaye mwaka 1985, akiwa na Gérard Mourou, alichapisha njia ya kutengeneza mipigo mifupi ya leza yenye nguvu kubwa sana. Aliwahi kuwa rais wa chama cha wanasayansi wa mwanga. Mtu alipeleka rasimu ya ukurasa wake Wikipedia. Mwezi Mei 2018 ikakataliwa, kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyotajwa havikutosha kuonyesha umaarufu. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa kwanza katika miaka 55. Ukurasa ukapatikana siku hiyohiyo.

Watu walimshukia mhariri aliyekataa ile rasimu. Mimi namwonea huruma. Alifuata kanuni: onyesha walioandika kwa kina juu ya mtu huyu, ambao hawana uhusiano naye, katika chombo kinachoaminika. Hawakuonekana, kwa kuwa magazeti hayakuwa na habari naye. Wikipedia ilikuwa ikionyesha kwa uaminifu uzembe wa wengine.

Kwa hiyo nikirudi kwa mwandishi wetu wa simulizi, niko upande wa mkabidhi, na nasema hivyo nikijua mashabiki hawatapenda. Idadi ya wafuasi si ushahidi: wafuasi hununuliwa, na wanaofuata si wote wanaosoma. Mahojiano redioni si ushahidi mkubwa. Pale mtu anajisemea, na mtangazaji anasubiri tangazo la biashara. Habari ya gazetini iliyolipiwa haina thamani hata ikiwa na picha ya rangi. Na ukurasa ulioandikwa na shabiki, au na mtunzi mwenyewe akijificha kwa jina la bandia, una harufu ambayo wakabidhi wanaitambua kuanzia sentensi ya kwanza: kipaji cha aina yake, nyota inayong'ara, na mapambo mengine ya mabango ya harusi.

Ushahidi uko wapi basi? Uko katika tuzo zenye waamuzi, kama ile ya Kiswahili ya Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Uko katika tasnifu ya mwanafunzi aliyezichambua simulizi 10 za mtandaoni na kuuliza kwa nini sehemu hukatwa pale zinapokatwa, na kukatwa huko kunaigeuzaje hadithi. Uko katika makala ya jarida la Kiswahili au Mulika. Uko katika uhakiki wa gazetini ulioandikwa na mtu asiyemjua mtunzi, uliomsifu hapa na kumkosoa pale. Viwili vitatu vya namna hiyo vikipatikana, mkabidhi hana tena la kusema, na hata nambari ya kitabu haitaulizwa.

Lawama yangu naipeleka kwingine. Magazeti yetu yana nafasi ya kila mwanasiasa anayekata utepe, na ukurasa wa kuhakiki vitabu ndio wa kwanza kutolewa tangazo likija. Vyuo vyetu vinarudia tasnifu juu ya watunzi walewale, riwaya zilezile, kana kwamba Kiswahili kilikoma kuandikwa siku mtaala ulipopitishwa. Na wakati huohuo maandishi yenyewe yanakaa mahali dhaifu. Akaunti ikidukuliwa, simu ikiibiwa, kundi likifungwa, "Sehemu ya 1" hadi "Sehemu ya 60" zimekwenda. Mashairi ya Muyaka yalikaa vichwani mwa watu zaidi ya miaka 40 yakimngoja mwenye kalamu. Simulizi ya kurasa mia nne haikai kichwani mwa mtu.

Mtunzi anaweza kuuliza: kama hakuna wa kuniandika, kwa nini nisijiandike? Hilo liliulizwa na mtu mkubwa kuliko sisi sote. Mwaka 2012 Philip Roth, mwandishi wa Marekani mwenye karibu kila tuzo ya nchi yake, aliona katika Wikipedia maelezo kwamba riwaya yake The Human Stain ilitokana na maisha ya mwandishi Anatole Broyard. Si kweli, akasema. Ilitokana na jambo lililompata rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton. Akaomba pasahihishwe. Akajibiwa kwamba mtunzi ndiye anayeijua kazi yake kuliko wote, hilo linakubalika, lakini panatakiwa chanzo kingine. Mwezi Septemba Roth aliandika barua ndefu ya wazi kuwalalamikia, ikachapwa na The New Yorker. Mara barua ilipokuwa katika jarida linaloaminika, ikawa chanzo. Ukurasa ukarekebishwa, na tanbihi ikaelekezwa The New Yorker.